Theluthi

Saa tisa za usiku, Szeged. Nje theluji
inagusa dirisha kama mgeni asiye na hakika na nyumba.
Ndani, panya wa thelathini na moja
amelala fofofo juu ya blanketi la umeme,
dawa ya usingizi imemtoa duniani,
na mimi, Piroska, nina bomba la sindano
na daftari.

Haba na haba hujaza kibaba.
Hapa tunakitazama kibaba kikishuka.

Mililita ya kwanza: mwili haubabaiki.
Ya pili: umeshajua. Unafunga maduka,
ngozi kwanza, kisha utumbo, kisha figo.
Mishipa inajikaza kama kamba ya mzigo,
moyo unakwenda mbio, na shinikizo la damu
linasimama palepale: tisini na sita,
tisini na nne, tisini na tano.
Ukisoma namba peke yake
utadhani hakuna kilichopotea.

Halafu theluthi.
Hapo karibu na theluthi kuna kizingiti,
na mwili ukikivuka
mambo yanageuka bila kishindo.
Moyo unapunguza mwendo. Kamba zinalegea.
Sabini. Hamsini na mbili. Arobaini.
Nguvu hazijaisha, hunikumbusha Daktari Ilosvay
akinyoosha kalamu yake iliyotafunwa;
hii ni amri, Piroska, imetoka huku,
na anajigusa kisogo,
kwenye shina la ubongo.

Huko ziko seli zinazomwaga serotonini
na seli zinazoipokea,
vipokezi vya aina nyingi, kila kimoja na kitasa chake.
Watu wanaijua serotonini kwa habari za furaha.
Huku chini furaha haina kazi.
Swali ni moja: tukaze, au tuachie?

Novemba msumeno ulimpata kaka yangu Bertalan
paja la kushoto, kiwandani kule Makó.
Alipiga kelele, wanasema; alitukana mashine,
mwenye mashine, na mama wa mwenye mashine.
Kisha akaketi juu ya maranda
akanyamaza, mpole kama mtoto aliyeshiba.
Mapigo yakawa ya taratibu.
Wenzake wakasema, afadhali, ametulia.
Zsombor tu, kijana wa kreni ambaye hakumaliza shule,
ndiye aliyeuogopa ule utulivu:
akavua mkanda, akafunga paja, akakaza kwa goti.

Sikuwepo. Nilikuwa hapa, na panya wa kumi na tisa.

Sasa sindano nyingine, ufunguo
wa kitasa kimoja tu kati ya vile vyote.
Dakika. Dakika mbili.
Arobaini na moja.
Arobaini na sita.
Vena zinabana tena, zinakamua kuelekea moyoni
kile kidogo kilichobaki.
Hamsini na nane. Damu haijaongezwa hata tone.
Kilichoongezwa ni kauli tu.

Alfajiri atakwenda, naye pia. Hilo nalo naliandika,
saa na dakika, kwa mwandiko uleule.

Si dawa ya watu, bado. Bertalan alipewa
damu ya watu wanne asiowajua
na mishono ishirini na miwili.
Jumapili anamenya vitunguu, mguu juu ya stuli,
ananiuliza tena nafanya nini na panya usiku kucha.
Namwambia: napatafuta pale uliponyamaza.

Anacheka, machozi ya vitunguu yanamtiririka.
"Palikuwa pazuri pale," anasema.
"Hapakuwa na baridi."

Nikakosa neno.
Nikachukua kisu cha pili, nikamenya.